Mmeachana, mkopo wa nyumba bado upo: kubaki, kupangisha au kuuza?

"Mama, mkopo huu una sahihi mbili."

Ndivyo afisa wa mikopo alivyomwambia dada yangu, akaligeuza faili ili ajionee mwenyewe: sahihi yake kushoto, ya mumewe kulia, tarehe moja. Dada alikuwa amekwenda kuomba apunguziwe malipo ya mwezi. Mume alikuwa ameshahama, yuko kazini Doha, na tangu Februari hakuwa ametuma hata shilingi. Afisa hakuwa mkali, alimwagizia hata chai. Ila alichomweleza ndicho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa: benki haikuwa kwenye harusi yenu, na kuachana kwenu hakuihusu. Mliokopa pamoja mnadaiwa pamoja, na kila mmoja anadaiwa deni zima, si nusu yake.

Jioni zilizofuata tulikaa naye mezani na kikokotoo, tukalinganisha kila njia iliyokuwa wazi. Nayaandika haya kwa aliye kwenye hali hiyo hiyo hapa Kenya.

Kwanza tuondoe tumaini moja. Kenya haina fungu la serikali la kumlipia mtu mkopo wa nyumba eti kwa sababu ndoa imevunjika. Ule ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unaokatwa kwenye mshahara hujengea nyumba za mpango wa serikali. Deni lako la benki hauligusi. Ndugu zetu walio Uingereza wana afadhali kidogo, maana anayepokea posho fulani za serikali anaweza kukopeshwa pesa za riba ya nyumba, zikapelekwa moja kwa moja kwa benki, akazirudisha nyumba ikiuzwa. Hapa kwetu msaada hutoka kwa benki yenyewe, kwa KRA (mamlaka ya kodi), kwa mwenzako, au kwenye nyumba yenyewe.

Hesabu ya mfano

Nitatumia tarakimu zinazofanana na za dada, nimezinyoosha kidogo tu. Nyumba ya vyumba vitatu Kitengela, ambayo mthamini anaikadiria kuwa ya KSh 8,500,000. Deni lililobaki ni KSh 5,000,000, riba asilimia 14 kwa mwaka, miaka 15 imesalia. Hivi ndivyo mwezi unavyokuwa kwa kila njia:

| Njia | Unachotoa kwa mwezi (KSh) |
|---|---|
| Kuendelea kama ilivyo | 66,600 |
| Kurefusha muda hadi miaka 20 | 62,200 |
| Kulipa riba tupu | 58,300 |
| Riba ishuke hadi 9.5%, miaka 15 ile ile | 52,200 |
| Kupangisha kwa 45,000 na kujazia pengo | 25,000, ikigawanywa kwa wawili 12,500 kila mmoja |

Angalia safu ya pili vizuri. Watu wengi huingia benki wakiomba jambo moja tu, kuongezewa miaka. Kwa riba ya 14% miaka mitano zaidi inakupunguzia KSh 4,400 kwa mwezi, basi. Hiyo ni bei ya mitungi michache ya gesi. Na kwa nafuu hiyo, hadi mwisho wa mkopo utakuwa umelipa karibu KSh milioni 2.9 zaidi. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya unacholipa sasa ni riba. Kuvuta muda kunapunguza kile kipande kidogo cha deni lenyewe, riba inabaki pale pale.

Saa ya benki

Kabla ya kuchagua, jua una muda gani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ukikosa kulipa na mwezi mmoja ukapita, benki inaweza kukuandikia notisi, na notisi hiyo lazima ikupe angalau miezi mitatu ya kurekebisha mambo. Usiporekebisha, inakuja notisi ya kuuza, siku 40, na mume au mke wa mwenye hati lazima apate nakala yake. Baada ya hapo dalali wa mnada ana notisi yake ya siku 45, kisha tangazo gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Jumla ni siku 219 hivi, miezi saba na kidogo.

Usihadaike na wingi wa siku hizo. Mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbovu, majina yenu yote mawili yanaelekea CRB, wanaotunza rekodi za wakopaji, na aliye na jina bovu CRB hapati benki ya pili ya kumkopesha kwa riba nafuu. Kwa hiyo njia ile nzuri kuliko zote kwenye jedwali kwa anayebaki na nyumba, ya kushusha riba, hufungwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Zilizobaki zinakufa polepole zaidi.

Notisi hizo hutumwa kwa anwani mliyoandika siku ya kukopa. Kama umehama, peleka anwani mpya benki kwa maandishi. Nimeona barua imekaa miezi miwili kwenye sanduku la posta ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliye ng'ambo.

Kuomba benki ilegeze

Benki nyingi zitakubali moja kati ya mambo matatu: kurefusha muda, kulipa riba tupu kwa kipindi, au likizo ya malipo ya miezi mitatu au zaidi. Kurefusha tumeshaona. Likizo ndiyo tamu kusikia na chungu kulipa: kwa miezi mitatu ya kutotoa kitu, riba ya kama KSh 177,000 inaingizwa kwenye deni, na ukirudi malipo ya mwezi yanakuwa karibu 69,000.

Hata hivyo likizo siikatai. Inafaa pale ambapo mwisho wake kuna kitu: mnunuzi ameshalipa amana, kazi mpya inaanza Julai, au wakili ana tarehe ya usuluhishi. Ukiichukua ili upumzike tu na mawazo, utaamka mwezi wa nne na deni kubwa kuliko lile lililokulaza.

Yote hayo yanahitaji sahihi mbili kama mkopo ni wa wawili. Mwenzako akiwa Doha, Muscat au Texas, mwombe atoe hati ya uwakili kwa mtu anayemwamini hapa nyumbani, aitie sahihi ubalozini au mbele ya mthibitishaji wa hati wa huko. Ni karatasi moja, lakini ndiyo iliyokwamisha mambo ya dada kwa wiki sita.

Kubaki na nyumba peke yako

Hii ndiyo njia ambayo kila mtu huitaka, hasa mwenye watoto, na ndiyo ngumu kuliko zote. Ina milima miwili.

Wa kwanza ni mshahara. Sheria ya Ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na benki hulitazama hilo kabla ya kitu kingine. Chukua mtu wa KSh 150,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ni 100,000. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba vinakula kama 45,000. Zinabaki 55,000 za kulipia mkopo, na mkopo unataka 66,600. Amekwama, na huyo ni mtu wa laki na nusu.

Hapa ndipo KRA inapoingia, na inashangaza ni wangapi hawaitumii. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe inapunguzwa kwenye mapato yako kabla ya kodi, hadi KSh 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka 300,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Aliye kwenye ngazi ya 30% anaokoa hadi 9,000 kwa mwezi. Hiyo ni mara mbili ya nafuu ya kurefusha mkopo kwa miaka mitano, na huilipii riba! Peleka cheti cha riba kutoka benki kwa mwajiri wako ahesabu upya PAYE. Aliyehama hawezi kuidai tena kwa nyumba hiyo, kwa sababu sharti ni kuishi humo, kwa hiyo hakikisheni anayeidai ni yule anayebaki.

Mtu wetu wa laki na nusu sasa anaweza kubeba kama 64,000. Bado anapungukiwa kidogo. Akipata riba ya 9.5% anapita bila jasho. Mikopo ya tarakimu moja ipo: Kampuni ya Kenya ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, huzipa benki na sacco wanachama pesa za bei nafuu ili zikopeshe kwa riba iliyo chini ya kumi. Ina vikomo vya kiasi na si kila mkopo wa zamani unaingia, lakini swali hilo ndilo la kwanza la kuuliza, kabla ya kuomba kuongezewa miaka. Kumbuka pia gharama za wakili na za kuondoa rehani ya zamani na kuandikisha mpya.

Mlima wa pili ni fungu la mwenzako. Nyumba 8,500,000, deni 5,000,000, chenu ni 3,500,000. Mkikubaliana nusu kwa nusu, unamdai akuachie nyumba na yeye anakudai 1,750,000. Ukizikopa kwenye sacco kwa 12% miaka mitano, ni karibu KSh 38,900 nyingine kila mwezi. Haiwezekani, tuseme ukweli. Wanaofaulu huwa wamebadilishana mali: yeye achukue ploti na gari, wewe ubaki na nyumba na deni lake. Andikeni kwa wakili. Nyumba inapohamishwa kati ya waliokuwa wanandoa kwa makubaliano ya talaka au ya kutengana yaliyo halali, haitozwi kodi ya faida ya mtaji, ile ya faida inayopatikana mali ikibadilisha mikono. Na msiishie kwenye hati ya nyumba. Mpaka benki ikubali kwa maandishi kumtoa mwenzako kwenye mkopo, bado anadaiwa, na CRB bado inamjua.

Mtu asikudanganye kwa ahadi. "Nitakuwa nakutumia elfu thelathini kila mwezi" si mshahara, na benki haiihesabu. Wewe pia usiihesabu. Kama malipo hayapiti kwa pesa yako mwenyewe, nyumba hiyo haijawa yako, unaitunza tu hadi siku atakapoacha kutuma.

Kupangisha

Kwenye jedwali njia hii inang'aa: 12,500 kila mmoja, mradi wote wawili mkubali kuhama. Hapo nimetoa tayari kodi ya mapato ya pango, asilimia 7.5 ya pango lote. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili, au bomba likipasuka, hesabu inabadilika. Benki pia inapaswa kuridhia mpangaji, kwa kuwa ina rehani juu ya nyumba.

Kuna mtego ambao sikuujua hadi wakili aliponitajia. Nyumba uliyoishi mfululizo kwa miaka mitatu hadi siku ya kuiuza haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Ukiipangisha kwanza kisha ukaiuza, msamaha huo unapotea, na asilimia 15 ya faida inakwenda KRA. Ile nafuu ya riba nayo inakoma. Kwa hiyo kupangisha kunafaa kwa walioachana kwa heshima, ambao bado wanaweza kugawana risiti ya fundi bila kutukanana, na ambao hawana mpango wa kuuza karibuni. Hao si wengi.

Kuuza wenyewe, au kuuziwa

Linganisha mwisho wa kila moja. Mkiuza wenyewe kwa, tuseme, 8,200,000 mkiwa na malimbikizo ya miezi mitatu, mnalipa deni la kama 5,200,000, wakala na wakili kama 300,000, mnabaki na 2,700,000. Kila mmoja 1,350,000. Dalali akiuza kwa robo tatu ya thamani, ni kama 6,400,000. Deni na adhabu zimeshafika 5,600,000, gharama za mnada na mawakili 250,000 hivi. Kila mmoja anaondoka na kama 275,000. Hizi ni tarakimu za mfano, mnada mwingine ni mbaya zaidi ya huu. Sheria inaitaka benki ithamini nyumba upya kabla ya kuuza na itafute bei bora, lakini wanaokuja mnadani wanajua kwa nini unauza.

Mauzo ya nyumba yenye rehani kwa kawaida huchukua kama siku 90 tangu mkataba usainiwe: mnunuzi anatoa asilimia 10, mawakili wanaandikiana ahadi, benki inalipwa, hati inaachiwa. Weka siku hizo juu ya ile saa ya benki utaona kwamba tangazo la kuuza halifai kusubiri notisi ya dalali. Litolewe wakati bado mnalipa, au angalau ndani ya ile miezi mitatu.

Mahakama, kwa asiyeelewana na mwenzake

Mahakama haikulipii mkopo, lakini inaweza kumsogeza anayegoma. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 unaweza kuomba itamkwe haki yako kwenye nyumba hata kabla ya talaka. Mgawanyo wenyewe husubiri ndoa ivunjwe. Wakati ndoa ingalipo, mwenzako hawezi kukufukuza kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, wala kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina lake tu. Ukihofia atafanya hivyo, weka zuio kwenye sajili ya ardhi wiki hii, si mwezi ujao. Kinga hizo ni dhidi ya mwenzako. Benki yenye rehani halali hazizuii.

Deni la nyumba ya ndoa sheria inataka mlibebe sawa, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mali ni jambo tofauti. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango. Lakini kama unalipa sasa peke yako, lipa kupitia akaunti au M-Pesa ya jina lako na uweke taarifa zake. Dada alikuwa kwa miaka minne akimpa mumewe 20,000 mkononi kila mwisho wa mwezi "akaongezee ya benki". Leo hana hata kipande cha karatasi kinachoonyesha hizo pesa, na ni karibu milioni moja.

Siku ile ile ya Januari 2023 mahakama hiyo iliamua pia kesi ya wawili walioishi pamoja bila ndoa. Haikuwatambua kuwa wanandoa, ila iligawa mali yao kwa kuangalia nia na mchango wao, 70 kwa 30. Kwa hiyo walio kwenye kam-wi-stei hawatoki mikono mitupu, bali mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi. Waislamu wana nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu kwenye mali ya ndoa, na kwa talaka Kadhi yupo pale wote wawili wanapokubali kwenda kwake.

Kesi kamili huchukua miaka, mkopo hausubiri. Nakushauri uombe usuluhishi unaosimamiwa na mahakama, ambao umewekewa siku 60, maana huo ndio pekee unaoweza kumalizika kabla ya notisi ya miezi mitatu. Asiye na wakili aulize FIDA Kenya (chama cha mawakili wanawake) kama ni mwanamke, Kituo Cha Sheria, au huduma ya taifa ya msaada wa kisheria. Na kama kuna watoto, omba matunzo yao kando. Makao ni sehemu ya matunzo, na amri hiyo hutoka upesi kuliko ya mali.

Dada aliuza. Shemeji alitia sahihi hati ya uwakili ubalozini Doha baada ya mama yake mwenyewe kumpigia simu mara tatu, mdogo wake akasaini kwa niaba yake hapa. Notisi ya miezi mitatu ilikuwa imebakiza siku 19 mkataba ulipotiwa sahihi, na benki ilikubali kuishikilia hadi pesa zifike. Sasa dada amepanga Kitengela hiyo hiyo, nyuma ya soko, vyumba viwili kwa 28,000, ili watoto wasibadilishe shule.